Baba Ndani ya Koti la Manjano

Leo neno la herufi nne limeniangusha matopeni mbele ya watu, na hasira bado haijanitoka.

Nawaandikia barua moja nyote watatu, Esta, Waithira na Halima. Pitishianeni, maana sina nguvu ya kuieleza aibu hii mara tatu. Niko Kisii mjini, chumbani kwa Dorika. Mvua inapiga bati kama inalipwa. Nywele zangu zina tope, masikio yangu yana tope, na mwanangu, chanzo cha yote, amelala hapa kando yangu kama malaika. (Esta, funga mdomo. Bado sijaanza.)

Dorika wetu mnamkumbuka, yule wa Nyamache aliyelala kitanda cha dirishani bwenini kwetu akidai anahitaji hewa. Sasa ni nesi hapa mjini na amepata mchumba. Jina lake Nelson, mtu wa Rabai kule pwani, kijana wa ofisi ya maji. Ni mrefu, mpole, na akiongea utadhani anasoma taarifa ya habari. Amehamishiwa Kisii miezi michache iliyopita. Kigusii chake chote ni "mbuya mono", salamu yetu, maana yake vizuri sana, na hiyo huitumia hata akikanyagwa mguu.

Sasa mama yake Nelson alikuwa anakuja kutoka Rabai kumwangalia Dorika. Akiridhika, kesho Jumatatu anapanda Nyamache na mwanawe kubisha hodi kwa wazazi. Asiporidhika anarudi kwao, na mambo yameishia hapo, kwa sababu Nelson hajawahi kumpinga mama yake tangu azaliwe. Dorika aliniambia hivyo mwenyewe. Anampenda huyu mtu. Mimi sioni anachopenda, lakini si mimi ninayeolewa.

Basi akanitumia salamu kule Sironga nilikoolewa: "Kemunto, njoo Jumamosi. Nina zamu Jumapili asubuhi na mama mkwe atakuwa hapa. Nataka ale chinsaga, na wewe unajua nikiipika mimi inakuwaje."

Tunajua. Chinsaga ni mboga yetu, ina uchungu wake, na ukiikosea inageuka dawa ya minyoo. Dorika huikosea kila mara. Mume wangu, ambaye ni seremala na hana maneno mengi, aliangalia mbingu akasema, "Nenda. Lakini mvua hii haina adabu." Nikamfunga Moraa mgongoni, nikaenda.

Moraa ndiye binti yangu. Ana miaka miwili na kidogo. Sura ni ya baba yake, hasira ni zangu.

Tulifika jana tumelowa kama matambara ya kupigia deki. Dorika akacheka, akatukausha, kisha akatoa mlangoni koti la mvua ambalo sijapata kuona mfano wake. Lilikuwa koti la kazi la Nelson, la ofisi ya maji, la manjano kama kiini cha yai, refu hadi kwenye miguu, na kofia yake imeshonewa hapo hapo. Ukilivaa unafanana na hema. "Vaa hili," akasema. "Kuna safari ya soko, kuna safari ya dukani, na nyumba ya Nelson haijafagiliwa tangu ahamie."

Nikamfunga Moraa mgongoni kwa leso, nikavaa koti juu yetu sisi wawili. Nikawa ngamia. Moraa alikuwa na nafasi ndogo ya kuchungulia karibu na shingo yangu, na kitu alichokiona mchana kutwa kilikuwa manjano. Hakuona mama. Aliona koti. Koti linatembea, koti linanunua vitunguu, koti linambembeleza. Mimi sikulifikiria jambo hili hata kidogo. (Shule ilitufundisha mito ya Ulaya. Hili hapana.)

Dukani kwa Wahindi, pale karibu na soko, mama mwenye duka akamwona Moraa akichungulia. Huyu mama amezaliwa hapa hapa, Kigusii chake kinateleza kuliko changu. Akamuuliza kwa Kigusii, "Baba yuko wapi?" Moraa akatoa kiganja nje akalipiga koti, pa pa pa, akasema, "Baba."

Hapa lazima niwakumbushe kitu, ingawa najua nyinyi watatu hamjakisahau, wakatili nyinyi. Sisi Wakisii mama tunamwita baba. Baba tunamwita tata. Ndivyo ilivyo, hatukuomba ruhusa ya mtu. Mnakumbuka nilipofika Kidato cha Kwanza, Kiswahili changu kikiwa bado na matope, nikasimama bwenini kwa furaha kuwatangazia kwamba baba amejifungua mapacha. Mlinicheka muhula mzima. Halima ulianguka kitandani. Nilidhani siku ile ndiyo mwisho wa aibu yangu juu ya neno hilo.

Haya. Jumamosi mchana nikaenda kwa Nelson kufagia. Anakaa kwenye kota, zile nyumba za safu za wafanyakazi, zote zinafanana, baraza moja ndefu mbele. Wakazi wake karibu wote ni watu waliohamishiwa kutoka mbali: Wakamba, Waluhya, Wataita. Mkisii wa kuajiriwa hapa anakaa kwake. Nelson mwenyewe alikuwa kazini. Nikapiga deki, nikaosha sufuria zilizokuwa na historia, nikaanika mashuka barazani, yote hayo nikiwa nimevaa koti lake, mtoto mgongoni.

Jirani wa ukutani ni Mama Mutua, mke wa askari jela. Alikuwa amekaa barazani kwake anachambua maharagwe, macho kwangu.

"Habari ya nyumba?" akaniuliza.

"Nyumba ni nzuri," nikamjibu, nikikung'uta mkeka. "Lakini huyu mwanamume anaishi kama fisi. Nimemwambia leo mama yake akija asikute hivi."

Mama Mutua akaitikia "eee" ndefu sana. Nikaona ni jirani mwema. Sikujua nimejichimbia shimo na kulipamba maua.

Mama yake Nelson alifika jana jioni akiwa amechoka, basi lao lilikwama matopeni huko Masimba. Mimi nilikuwa nimesharudi kwa Dorika. Kwa hiyo tulikutana leo asubuhi kanisani. Ni mwanamke mdogo, amevaa kanga mbili zilizopigwa pasi, miwani puani, na sauti ndogo ambayo hata hivyo inafika mbali. Moraa alilala mgongoni ibada nzima, amefunikwa leso gubigubi hata hakuna aliyemwona, Mungu alikuwa bado yuko upande wangu. Dorika kabla ya kwenda zamu alikuwa amenivika wigi lake ili nifanane na mtu wa mjini. Nikamsalimia mama kwa magoti mawili.

"Huyu ndiye rafiki?" akamuuliza Nelson. "Ana adabu."

Nikavimba. Nilitembea kutoka kanisani kichwa juu kama niliyepewa uchifu. Nilijiambia, Kemunto, hii ndoa umeijenga wewe.

Tukafika kwa Nelson. Yeye akaanza kuwakaribisha wageni chai barazani: mama yake, Mama Mutua aliyejikaribisha mwenyewe, na mzee mmoja wa kanisa, Mluhya mnene mwenye heshima aliyekuja kumsabahi mgeni. Mimi nikamlaza Moraa kitandani kwa Nelson, nikamvua nguo zilizolowa nikamwachia fulana tu, nikazunguka nyuma kwenye jiko la bati kupika. Chinsaga ikawa inachemka vizuri, maziwa nimeweka tayari, ugali wa wimbi unangoja. Nilikuwa naimba.

Ilikaribia saa ya Dorika kutoka zamu, na mvua ilikuwa imezidi. Nelson akasema anaenda kumchukua hospitalini. Akavaa koti lake la manjano, nililomrudishia asubuhi kanisani. Akavuta kofia kichwani. Akashuka barazani, akaanza kuvuka uwanja.

Na Moraa akaamka.

Yaliyofuata nimeyapata nusu kwa masikio na nusu kutoka kwa Mama Mutua, ambaye ameyasimulia leo mara nyingi kuliko Injili. Moraa alitoka chumbani akifikicha macho. Hakuniona. Akaangalia nje. Akamwona mama yake, yaani koti, anaondoka kwenye mvua bila yeye.

Alipiga yowe moja lililonyamazisha baraza. Akashuka ngazi kwa makalio, akakimbia uwanjani na fulana yake, miguu mitupu, anateleza, anainuka, mikono mbele.

"Baba! Baba! Baba!"

Akalifikia koti, akalikumbatia mguuni, akabandika shavu.

Fikirini mlivyonicheka nyinyi, kisha fikirini mama wa Rabai ambaye kwao baba ni baba tangu tumboni. Kikombe chake kilisimama njiani.

Nelson akageuka. Sasa mwanamume mwenye akili angecheka, akamwinua mtoto, akauliza mama yake yuko wapi. Nelson si huyo. Nelson alikaa kama nguzo ya simu. Kisha akaanza kumbandua vidole kimoja kimoja, akinong'ona, "Niache. Niache, watu wanaona."

Ati watu wanaona. Mimi ningekuwa mama yake ningemzaa upya siku ile ile.

"Nelson," sauti ndogo ikasema kutoka barazani. "Mtoto huyo anakuitaje?"

"Sijui, mama."

"Hujui anavyokuita, au humjui mtoto?"

"Simjui, mama."

"Ametoka chumbani kwako."

Nelson akaangalia mlango wake kama anauona kwa mara ya kwanza. "Mbuya mono," akasema. Naapa. Mzee wa kanisa ni shahidi.

Na hapo Mama Mutua akaona ni wakati wake wa kusaidia. "Mimi sipendi maneno," akasema, "lakini nasema kitu niliona. Jana huyo mtoto alikuwa ndani ya hilo koti la Nelson siku mzima. Na mama yake alikuwa anafagia hii nyumba. Na alisema huyu mwanaume anaishi kama fisi. Hiyo si kusema ya mgeni."

"Mama yake yupi?"

"Huyo anapika."

"Rafiki yake Dorika?" Mama akaweka kikombe chini. "Mwanamke mwenye wigi? Yule aliyenipigia magoti?"

Mzee wa kanisa akavua kofia yake, sijui kwa nini. Labda aliona ni msiba.

Mimi kule jikoni nilikuwa nimesikia Moraa analia, lakini nilidhani ni ndoto zake, nikasema naja, ngoja nigeuze mboga. Kisha nikasikia sauti ya mama ikisema wazi kabisa, "Fungasha mizigo yangu, Nelson. Sipandi Nyamache. Siwezi kwenda kuomba binti wa watu wakati umeshazaa na rafiki yake."

Mwiko ukanitoka. Hapana, uongo, mwiko ulibaki mkononi, na hilo ndilo baya. Nikazunguka nyumba mbio, mwiko juu, nimekwisha kuelewa yote kwa mpigo: koti, manjano, baba. Nilimwona Dorika akilia. Nilimwona mume wangu akiambiwa habari hii na mtu wa sokoni. Nikiwa nafungua mdomo niwaeleze kwa utulivu, kwa lugha sanifu, kama mtu aliyesoma, mguu ukakanyaga tope la mfereji.

Nilianguka kama gunia la viazi linaloshushwa na mtu asiyelipwa. Uso kwanza. Wigi la Dorika likageuka, nyuma ikawa mbele. Nikainuka bila kuona kitu, tope mdomoni, mwiko bado uko juu, na kwa hasira yote niliyopewa na Mungu nikapaza sauti kota nzima isikie:

"Baba wa huyu mtoto ni mimi!"



Hata mvua nadhani ilisita. Milango ya safu ile ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine.

Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wewe ndiye baba," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Na mama yake ni nani?"

"Ni mimi pia."

"Aha."

"Mama, nisikilize. Kwetu baba ni mama."

"Na baba je?"

"Baba ni tata."

"Na mama?"

"Mama hakuna!" Nilitaka kusema neno hilo kwetu halina kazi hiyo. Lakini hivyo ndivyo nilivyolisema, nikiwa nimesimama nimejaa tope na mwiko, na Mama Mutua akavuta kiti chake nyuma.

"Mwanangu," yule mama akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kumhurumia mgonjwa, "mimi nimezaa na nimezika. Mtoto mdogo hana hila. Amemkimbilia baba yake, amemshika mguu. Kama ni wako wewe, mwite aje."

Nikaona hapo nimepona. Mtoto wangu, damu yangu, nimemnyonyesha hadi mwezi uliopita. Nikanyoosha mikono, nikamwita kwa sauti tamu, "Moraa. Njoo, mama. Njoo."

Moraa akaniangalia. Aliona kitu cha tope kisicho na uso, nywele mbele, kinanyoosha mwiko. Akapiga yowe la kuchanika koo, akakimbilia nyuma ya Nelson, akajifunika koti. "Baba! Baba! Baba!"

Mzee wa kanisa akasema kwa huzuni, "Bwana asifiwe."

Jamani, nimezaa kwa uchungu wa siku nzima. Nimekesha na meno yake, nimekesha na surua yake. Na hapo, mbele ya umati, ananikana kwa ajili ya koti la ofisi ya maji. Nilihisi kitu kinakatika kichwani, labda ni kile kinachoshikilia adabu.

Nikamwendea Nelson. "Vua koti."

"Shemeji, mvua inanyesha."

"Nimesema vua koti."

"Shemeji, mama anaangalia—"

Nikaishika kola. Yeye ni mrefu lakini mimi nimelima. Kifungo kimoja kikaruka, cha pili kikaruka, mkono mmoja ukatoka, mkono mwingine ukanasa pamoja na tai yake ya kanisani, nikavuta vyote. Mama yake akasimama. Mama Mutua akaita watoto wake waje waone. Fikirini picha hiyo: mke wa mtu anamvua nguo mchumba wa rafiki yake, mchana kweupe, siku ya Bwana, mama mkwe akiwa safu ya mbele.

Nelson akabaki na shati jeupe lililoanza kumgandia mwilini, amejikunja kama kuku aliyenyonyolewa. Mimi nikalivaa koti. Nikalitupa wigi. Nikavuta kofia. Nikachutama kwenye tope, nikafungua koti mbele kama mlango.



Moraa akamtazama Nelson, huyu mtu mwenye masharubu aliyetokea ghafla. Akalitazama koti. Kilio kikakatika katikati, kama redio iliyozimwa. Akatembea, tena bila haraka, akaingia ndani ya koti, akajipanga kifuani pangu, akavuta pumzi ndefu. Kisha akatoa kiganja, akalipiga koti, pa pa pa.

"Baba," akasema. Na akaanza kunyonya kidole.

Nikasimama naye. Nikawageukia watu wa barazani. "Mmeona baba?"

Mlango mmoja ukafungwa pole pole, nadhani mwenyewe alitaka kucheka kwa faragha.

Yule mama alitutazama muda, miwani imejaa matone. Nikaona mdomo wake unatetemeka, nikajua sasa anatutukana na kuondoka. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Dorika.

"Nelson," akasema.

"Naam, mama."

"Una muda gani hapa?"

"Tangu mvua za kwanza, mama."

"Na unataka kuoa kwa watu hawa."

"Ndiyo, mama." Hilo alilisema kwa nguvu, nikashangaa. Meno yanagongana, shati limelowa, lakini alilisema. "Namtaka Dorika, mama. Hata ukienda."

Hapo nilimwona kwa mara ya kwanza, huyo mwanamume anayependwa na Dorika. Mama yake naye nadhani alimwona kwa mara ya kwanza.

"Hebu niambie," akaendelea, "kesho ulikuwa umepanga kumwambia nini mzee wa Nyamache? Mbele ya wazee wenzake?"

Nelson akajiweka sawa, mikono mgongoni, sauti ile ya taarifa ya habari. "Nilipanga kusema hivi: Baba, nimekuja mbele yako kwa unyenyekevu. Tangu nimwone binti yako nimekuhesabu wewe kuwa baba yangu—"

"Mama yako," nikamsahihisha. "Kwa masikio ya pale, ni mama yako. Tena umemwambia mara mbili."

Mzee wa kanisa alikuwa amepeleka chai mdomoni. Ilitoka yote, nyingine puani. Akakohoa mpaka Mama Mutua akampiga mgongo. Na yule mama mdogo wa Rabai akakaa chini, akajifunika kanga usoni, mabega yakaanza kupanda na kushuka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, cheko lisilo na sauti, linalomchosha mtu. Alipoona hawezi kujizuia alishuka ngazi kwenye mvua ile ile, akaja hadi kwangu, akachukua ncha ya kanga yake iliyopigwa pasi akanifuta tope machoni.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekusingizia bure, mtu mzima." Kisha akarudi nyuma kunitazama vizuri. "Ingia ndani uoge, Baba Moraa."

Mama Mutua akasikia, na jina likawa limeandikwa.

Dorika alikuja peke yake kwa mwavuli, akiwa na wasiwasi kwa nini hakuna aliyemfuata. Alimkuta mchumba wake amesimama barazani na shati lililolowa, mama yake akimfundisha kama mtoto wa darasa la kwanza: "Sema tata." "Tata." "Mzee ni nani?" "Ni tata." Alinikuta mimi ndani ya koti, sina kitu chini isipokuwa leso, Moraa mgongoni. Aliona wigi lake kwenye tope, akadhani ni paka amekufa. Harufu ya mboga iliyoungua ilikuwa imefika barabarani.

"Kuna nini?" akauliza. Alikuwa karibu kulia. "Mama, kuna nini? Umekataa?"

Yule mama akamshika mikono yote miwili. "Chakula kimeungua na mwanangu ana mafua tayari," akasema. "Kesho asubuhi twende nikamwone tata yako."

Dorika alilia papo hapo, na mimi nikalia, na Moraa akalia kwa sababu sisi tunalia. Nelson akasema mbuya mono. Kwa mara ya kwanza neno lilimkaa mahali pake.

Tulikula ugali na maziwa. Chinsaga ilikuwa makaa.

Sasa mnaweza kusema mambo yameisha vizuri, kwa nini nina hasira? Nina hasira kwa sababu nimekuwa kichekesho cha kota nzima. Nilipoenda bombani pale kota, mtoto wa Mama Mutua alinipigia saluti. Askari jela, mumewe, alipita jioni akanipa mkono wa kiume, wa kutikisa bega, akaniuliza habari za familia na mke wangu. Mzee wa kanisa amesema ataniombea, hakusema aniombee nini. Na kesho narudi Sironga kwa mume wangu, na habari ya mjini huwa haipandi gari, inatangulia kwa miguu. Mtu asiye na maneno mengi akiniuliza, "Nimesikia kuna baba mwingine," nitaanzia wapi?

Mkinijibu, andikeni "Bibi" juu ya bahasha. Yule atakayeandika "Bwana", na Halima nakujua, barua yake nitawashia moto wa chinsaga.